Amua Leo, Kabla Yowe Halijapigwa

Siku yowe la "mwizi!" litakapopigwa mtaani kwako, hutakuwa na nafasi ya kufikiri. Miguu itatoka yenyewe. Utakuta watu wamekwisha kumzunguka kijana aliyechaniwa shati, mmoja ameshika tofali, mwingine anauliza petroli iko wapi, nawe utajikuta ndani ya duara kabla hujajua hata kilichoibwa ni nini. Ndiyo maana nakuandikia leo ukiwa umetulia, mkono wako hauna jiwe. Nakuomba uamue sasa.

Nasema hasa na Wakristo wenzangu wa Tanzania. Msomaji Mwislamu, na wewe usiye na dini, karibuni msome nasi, maana mtaa ni wetu sote; lakini lipo jambo ambalo sisi tunaokwenda kanisani hatuna budi kuambizana bila kuzunguka. Gazeti linapoandika kwamba mtu ameuawa na wananchi wenye hasira kali, tunasoma kana kwamba hao wananchi ni watu wa nchi nyingine. Ni sisi. Ni mwanakwaya wa sauti ya tatu. Ni fundi seremala ambaye Jumapili hupitisha kapu la sadaka. Ni dada wa vitumbua anayefundisha watoto shule ya Jumapili. Nchi ambayo nyumba zake za ibada hujaa kiasi hiki haiwezi kuwa na umati wa wauaji ambao hakuna hata mmoja wao aliyepata kusali.

Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watu watatu waliuawa na miili yao ikachomwa moto. Wawili walikuwa watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha; wa tatu alikuwa dereva wao. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Wanakijiji waliamini kwamba ni wanyonya damu, na vyombo vya habari vya wakati ule viliripoti kuwa aliyewatangazia watu hatari hiyo ni mhubiri. Ugogo, kilipo kijiji hicho, si nchi isiyoijua Injili. Wamisionari wa Kianglikana walianza kazi huko tangu karne ya 19. Wala sidhani kama waliotoka na mapanga siku ile waliamka asubuhi wakiwa na kiu ya damu. Walitaka kuwalinda watoto wao. Waliwapenda watoto wao kweli, wakaogopa kweli, wakakasirika kweli, na kufikia jioni familia tatu zilikuwa zimepoteza watu ambao hawakuwa na kosa lolote.

Jambo hilo linanitisha kuliko habari za majambazi. Jambazi najua nimwogope. Lakini ukatili unaotoka ndani ya mtu mwema, anayeamini kabisa kwamba anatenda haki, ni nani atakayeuona ukija?

Maandiko yanaujua umati vizuri sana. Someni tena Matendo ya Mitume sura ya 19, ghasia za Efeso. Demetrio, fundi wa fedha aliyekuwa akitengeneza vihekalu vya Artemi, anawakusanya mafundi wenzake kwa sababu mahubiri ya Paulo yanawaharibia biashara. Muda si mrefu mji mzima uko kwenye ukumbi wa michezo, na watu wanapiga kelele kwa muda wa saa mbili hivi. Luka anatia humo jambo moja ambalo wahubiri wetu hulipita haraka: anasema wengi wao hawakujua walichokusanyikia. Miaka karibu elfu mbili imepita, na bado ukienda panapochomwa mtu ukamwuliza wa nyuma kabisa amefanya nini huyu, atakujibu, "Wanasema mwizi." Wanasema. Hajui, lakini amerusha jiwe.

Aliyeuokoa mji siku ile hakuwa mtume. Wanafunzi walimzuia Paulo asiingie ukumbini, na walikuwa na sababu. Aliyesimama ni karani wa mji, mtumishi wa serikali, wala hatuambiwi kwamba aliamini. Aliwatuliza, kisha akawaambia neno la kiraia kabisa: kama Demetrio ana shauri na mtu, mahakama zipo na mahakimu wapo, waende wakashtakiane huko. Halafu akauvunja mkutano. Mimi nampenda sana karani yule. Natamani kila parokia na kila usharika wa nchi hii uwe na watu ishirini wa namna yake.

Najua mnachotaka kunijibu. Mahakama gani? Akipelekwa kituoni leo, kesho utamkuta kijiweni anakucheka. Jibu hilo lina uchungu wa kweli ndani yake, nami silidharau. Wapo walioombwa pesa ya mafuta ya gari la polisi wakiwa bado wanavuja damu. Lakini tuseme kweli yote. Dhamana si hongo. Wizi wa kawaida ni kosa lenye dhamana kwa sheria zetu, na mtu akitoka kwa dhamana kesi yake haijafutwa. Kesi nyingi hufia mahakamani kwa kukosa mashahidi. Mlalamikaji anaitwa mara mbili, tatu, nauli inamshinda, anaacha. Majirani walioona hawataki kusimama kizimbani. Watu hamsini walipatikana saa nane ya usiku kwa ajili ya kupiga. Wa kwenda kueleza alichokiona kwa macho yake, saa tatu asubuhi, hapatikani hata mmoja. Tunailaumu mahakama kwa njaa, na sisi ndio tulioinyima chakula.

Sheria zenyewe zinatupa nafasi kubwa kuliko tunavyodhani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kwa hiyo mkamateni. Mfungeni kamba ikiwa lazima. Ila Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi, na ibara ya 13 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Kanuni ya Adhabu nayo ina kifungu kinachohusu watu wenye nia moja: mkishirikiana katika uovu, hakuna kujitetea kwamba pigo langu lilikuwa dogo. Aliyeleta tairi na aliyewasha kiberiti wanaweza kusimama kizimba kimoja kwa kosa la mauaji, ambalo adhabu yake kwetu ni kunyongwa.

Sisemi msikasirike. Kuna kijana wa bodaboda ambaye pikipiki yake ni ya mkataba. Kila jioni anampelekea tajiri hesabu, imebaki miezi michache iwe mali yake, na usiku mmoja inaibwa. Kuna mama ntilie anayefika asubuhi kibandani pake akakuta mtungi wa gesi hakuna, sufuria hakuna, na watoto wanasubiri ada. Mkimwambia mtu wa namna hii asikasirike mnamtukana. Marko anaandika kwamba Yesu mwenyewe alikasirika ndani ya sinagogi, akawatazama watu kwa hasira na huzuni kwa sababu walijali sheria ya Sabato kuliko mtu mwenye mkono uliopooza. Angalieni hasira ile iliishia wapi: mkono wa yule mtu ulipona. Na Paulo, akiwaandikia Waefeso wa mji ule ule wa ghasia, hakuwakataza kukasirika. Aliwakataza kulala na hasira hadi asubuhi.

Shida yetu ni kwamba hasira ya mama ntilie haimrudishii mtungi. Inachukuliwa na watu ambao hawakuibiwa chochote, kila mmoja akiwa na yake moyoni: huyu amesimamishwa kazi, yule ameachwa na mke, mwingine anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Wanayatua yote juu ya mwili wa mtu mmoja. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini mwa bara hili, ameeleza jambo hili katika Maungamo yake kwa habari ya rafiki yake Alipio. Huko Roma, Alipio alivutwa na wenzake kwenda kutazama watu wakiuana uwanjani kwa ajili ya burudani. Alikuwa akichukizwa na mchezo huo, akaapa kwamba mwili wake utaketi pale lakini macho atayafumba. Umati ukapiga kelele mara moja. Akafumbua macho, na tangu hapo hakuweza kuyaondoa; alirudi tena na tena, akawa anawapeleka wengine. Mtu huyu baadaye alikuwa askofu. Alijiamini kwamba anaweza kusimama katikati ya umati na kubaki vile alivyokuwa, na ndipo palipokuwa na kosa lake. Wewe nawe unayesema "mimi huwa naenda kuangalia tu", mkumbuke Alipio. Mkumbuke na Sauli, ambaye Stefano alipopigwa mawe hakurusha hata moja. Yeye alilinda nguo za waliorusha. Leo Sauli angekuwa na simu mkononi, na video ingekuwa imekwisha kufika kwenye makundi ya WhatsApp kabla damu haijakauka.

Wala tusidhani kwamba jina la Kristo juu ya mlango linatosha. Aprili 1994 kule Nyange, Rwanda, watu wapatao 1,500 walikimbilia kanisani kwao, na kanisa lile likabomolewa kwa tingatinga likawaangukia. Padre wao, Athanase Seromba, alihukumiwa kwa kushiriki mauaji hayo na Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya Rwanda iliyokaa hapa kwetu Arusha, na mwaka 2008 rufani ikampa kifungo cha maisha. Waliouawa walikuwa wamebatizwa. Wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Sisi wa upande huu wa mpaka tuliwapokea wakimbizi Ngara, na watu wa Kagera waliiona miili ikipita mtoni ikielekea ziwani. Hatuwezi kusema hatukuonyeshwa.

Lakini Nyange hiyo hiyo ina habari nyingine. Machi 1997 wanamgambo waliingia usiku katika shule ya sekondari ya pale, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Walisema wao wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa kwa jibu hilo, na nchi yao inawahesabu leo miongoni mwa mashujaa wake. Mimi naamini jibu la namna ile halizaliwi bunduki ikiwa tayari imeelekezwa kifuani. Lilikuwa limeanza kukua mapema, bwenini, mezani, katika namna vijana wale walivyokuwa wakiishi pamoja. Hapo ndipo nataka tukae.

Yesu, katika hotuba ya mlimani, alipofika kwenye amri ya kutokuua hakuanzia kwenye upanga. Alirudi nyuma sana, akaanzia kwenye hasira, kisha kwenye neno la kumdhalilisha ndugu. Alijua safari inakoanzia. Kwetu huanza nyumbani, baba anapomtwanga mtoto kwa kiboko akiwa amefura, kisha anasema amemfunza adabu; mtoto anajifunza kweli, anajifunza kwamba mwenye hasira na nguvu ndiye mwenye haki. Huendelea mezani tunaposema juu ya kibaka, "Yule si mtu." Ukiisha kusema si mtu, kilichobaki ni petroli tu. Vikongwe wa Usukuma waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini, waliuawa kwanza kwa maneno, na wajukuu walikuwa wakisikiliza.

Kabla Kaini hajamwua Abeli, Mungu alikwenda kwake akamwuliza kwa nini amekasirika na kwa nini uso wake umekunjamana. Hilo ni swali la mzazi. Katika nyumba zetu, ni nani anayemwuliza kijana wa miaka kumi na tisa mbona uso umekunjamana? Tunamwuliza amepata kazi au bado. Na baada ya mauaji, Kaini alipolia kwamba kila atakayemwona atamwua, Mungu alimtia alama ili asiguswe. Muuaji wa kwanza duniani, ambaye hatia yake haikuwa na shaka hata chembe, alipewa adhabu, lakini Mungu hakumwachia umati. Tukisema kibaka wa simu anastahili moto, tunatoa hukumu ambayo Mungu hakuitoa juu ya Kaini.

Halafu kuna msalaba. Bwana tunayemwimbia aliuawa kwa sababu umati ulipiga kelele na gavana akataka kuuridhisha. Marko hafichi neno hilo. Wanyang'anyi wawili walitundikwa pamoja naye. Mmoja wao alikiri kwamba anapata anachostahili, na ndiye aliyeahidiwa kuingia peponi siku ile ile. Kila Ijumaa Kuu tunasimama kwenye njia ya msalaba tukilia. Mtu anayemlilia aliyeuawa na umati Ijumaa, Jumatatu anasimamaje upande wa umati?

Basi, ninachowaomba.

Wachungaji, mapadre, wainjilisti, viongozi wa dini wa kila namna: lisemeni jambo hili madhabahuni kwa jina lake. Msihubiri amani kwa ujumla. Semeni, "Kumchoma mwizi ni kuua, na anayeleta tairi ameua." Na uvumi ukiingia kijijini, wa mumiani, wa watekaji, wa uchawi, kipaza sauti cha kanisa kisiwe cha kwanza kuubeba.

Jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya sala, vyama vya akina mama, vijana wa kwaya: pataneni kabla. Anayemtetea mwizi akiwa peke yake huambiwa naye ni mwizi, na anaweza kupigwa pamoja naye; hilo ni kweli na sitawadanganya kuhusu hatari yake. Kwa hiyo wekeni makubaliano ya watu watano au sita wa mtaa mmoja. Yowe likipigwa, mmoja anapiga 112, mwingine anamwita mwenyekiti wa mtaa na polisi kata, waliobaki wanakwenda pamoja. Mkifika, ulizeni kwa sauti: mwenye mali ni nani, kimeibwa nini, nani amemwona kwa macho? Maswali hayo matatu huwaamsha watu. Na mwiteni kila mmoja mnayemfahamu kwa jina lake. Mtu aliyemezwa na umati hana jina, ndiyo maana anathubutu; akisikia "Baba Neema, tofali hilo la nini?" anarudi kuwa Baba Neema, mwenye binti na mke na kiti chake kanisani. Akina mama wazee wana nguvu ya pekee hapa. Hata kijana mwenye panga husita mbele ya bibi aliyemwogesha utotoni.

Wenye bodaboda, wauza petroli ya chupa, vijana wa sheli: mafuta yenu yasitoke kwa kazi hiyo, hata mkiambiwa mnamtetea nani. Madereva wa bodaboda, mwenzenu akigongwa, mnaokimbilia kumzingira mwenye gari mnamfanya kila dereva ajifunze kukimbia na kumwacha majeruhi barabarani. Mkimbizeni mwenzenu hospitali kwanza. Namba ya gari iandikwe.

Wenye simu, zifungeni, au zitumieni kupiga 112. Video ikikufikia, isiende kwa mwingine.

Nanyi mliokwisha kuwapo. Najua mpo, na wengine mnasoma mstari huu mkiwa mmeacha kupumua. Ulirusha jiwe moja miaka ile, au ulishika tairi, au ulicheka. Hujamwambia mtu. Nenda kwa mchungaji au padre wako, useme yote. Yohana na Yakobo waliwahi kumwomba Yesu ruhusa ya kushusha moto juu ya kijiji cha Wasamaria, naye akawakemea lakini hakuwafukuza. Na barua inayobeba jina la Yohana ndiyo iliyokuja kusema kwamba amchukiaye ndugu yake ni muuaji. Hata ndugu hao, walioitwa wana wa ngurumo, walibadilika. Na kama unajua jambo ambalo mahakama inalihitaji, kitubio kisiwe mahali pa kulifichia.

Katika usharika wako huenda yupo mama ambaye mwanawe aliuawa hivyo. Alizikwa haraka, turubai halikujaa, rambirambi hazikuandikwa, na tangu siku ile mama huyo hukaa viti vya nyuma na kuondoka kabla ya matangazo kwisha. Jumapili hii nendeni kwake watu watatu au wanne, mchukue unga na sukari kama mnavyokwenda kwenye msiba wowote, mkae naye hadi jioni. Msimwulize mwanawe aliiba nini. Mchungaji akiwatuma, vema. Asipowatuma, nendeni hivyo hivyo.